Pengo la Simaloi kwenye Ua wa Lomayani

Nilikwisha kusema siandiki. Mkono wangu umezoea jembe, na hizi herufi nilizofundishwa kanisani ukubwani zinanitoka mojamoja kama meno. Lakini ninyi wajukuu mmekuwa kama inzi: bibi andika, bibi andika, ni wewe tu uliyebaki. Haya, naandika mara moja, na asiniulize mtu tena. Nitasema habari za Simaloi, mama wa mama yangu, na ile safari aliyohangaika kuitayarisha wakati mimi niko tumboni. Anayetaka habari za machifu na vita akaulize kwingine.

Simaloi alikuwa Mwarusha, mke mkubwa wa Lomayani, na walikaa upande wa juu wa Kijenge, siku zile Kijenge ni malisho na migomba tu. Binti yake Nosim, ndiye mama yangu, alikuwa ameolewa mbali, Ngare Nanyuki, nyuma ya mlima Meru, mwendo wa kulala njiani.

Kwetu mwanamke akijifungua hunyweshwa mafuta ya kondoo yamrudishie nguvu, na anayestahili kuyaleta ni mama yake. Mara ya kwanza Nosim alipojifungua, Simaloi alichelewa. Alikuta mtoto amezikwa na binti yake amelala kama nguo iliyokamuliwa. Kwa hiyo mimba ya pili ilipokuwa kubwa, Nosim aliwatuma wanawake waliokuwa wakipeleka magadi Arusha. "Mwambieni yeyo siku zangu zimefika. Akichelewa tena, asijisumbue kuja."

Mtu akikwita yeyo, yaani mama, halafu akakwambia usije, utalala?

Simaloi alianza kujitayarisha siku ileile. Alichinja kondoo mnono, akachemsha mafuta ya mkia mpaka yakatulia, akayatia kwenye kibuyu. Vibuyu vya maziwa alivifukiza kwa moshi wa mzeituni wa porini ili maziwa yasiharibike upesi. Alipaka kamba za ngozi mafuta zisimchubue punda mgongoni. Kisha akawavua punda wake wawili njuga zote, kwa sababu barabara ya chini ilipita karibu na boma la Wajerumani, na askari wakisikia punda walimchukua akabebe mawe, na mwenye punda naye akabebe. Alipanga kupita njia ya juu, kuvuka Nduruma asubuhi kabla mvua ya mlimani haijajaza mto, na kulala Nkoaranga kwa Kaanaeli, mwanamke wa Kimeru aliyezoea kubadilishana naye maziwa na ndizi. Hapo nia yake ilikuwa kula ndizi za kuchoma, kunyoosha miguu na kumsengenya mume wake kwa raha zote. Safari ilikuwa imeshapangika kichwani mwake hadi mwisho.

Lililobaki ni Lomayani. Njia ya msitu wa Ngurdoto ilikuwa na nyati, mwanamke hapiti bila mwanamume mwenye mkuki. Na Lomayani, sijui niseme vipi, alikuwa mtu wa kigogota.

Wazee wetu walikuwa hawaanzi safari bila kumsikiliza yule ndege kigogota wa kichwa cha majivu, agongaye miti. Akilia mkono wa kulia, nenda. Akilia mkono wa kushoto, rudi ndani. Hakuna aliyebisha, hata Simaloi. Basi asubuhi ya kwanza punda wametandikwa, maziwa yamejaa, Lomayani amewatemea wote mate ya baraka, wanatoka langoni, na kigogota huyo analia kwenye mti wa mringaringa, kushoto. Lomayani akageuza mkuki, akarudi kukaa.

Simaloi alishusha mizigo yote. Maziwa wakanywa watoto. Asubuhi iliyofuata akakamua tena, akajaza tena, akafunga tena, na kigogota akalia palepale. Ikawa ndiyo kazi. Kila kukicha kutandika, kila jua likichomoza kutandua. Punda wakaanza kuketi wenyewe wakimwona anakuja na kamba. Panya wakaonja kamba moja wakaipenda. Maziwa yaliyokuwa yaende kwa mzazi yakanenepesha watoto wa Namnyaki, mke mdogo, ambaye alikuja kusimama mlangoni na kumwambia mke mwenzake kwamba kama safari zenyewe ndizo hizi, asiziache kamwe.

Simaloi alimwendea mumewe akamwambia kwa upole, upole ambao haukuwa wake, kwamba siku zinakwenda. Lomayani akajibu kwamba yeye hakumtuma ndege. Simaloi akamwambia amtume basi kaka yake yeye Lomayani. Kaka yake naye akasema hawezi kutoka katika ua ambao mwenye ua amezuiwa. Simaloi akasema atakwenda peke yake. Wakamcheka, wakamuuliza nyati atamkemea kwa Kiarusha au kwa Kimeru.

Siku ile alikwenda kukaa chini ya mringaringa na hasira zake, kamba mkononi, akaangalia juu. Aliona tundu kwenye shina. Akaona vichwa vidogo vinachungulia, vinapiga kelele, na kigogota akaingia na mdudu mdomoni, akatoka, akalia, akaenda, akarudi. Ndege hakuwa na habari na safari ya mtu. Alikuwa ana wanawe pale. Atalia pale kila asubuhi mpaka waote mabawa, na lango la Lomayani lilikuwa upande wa kulia wa mti huo tangu baba yake Lomayani alipolijenga.

Alimweleza mumewe. Lomayani akasikiliza mpaka mwisho, akasema ndege akiwa na wana au asiwe nao, kushoto ni kushoto.

"Sawa," alisema Simaloi.

Alichukua panga akaenda kwenye ua, ng'ambo ya pili ya mti, akaanza kukata miiba. Alikata mpaka pengo likaweza kupitisha punda na mzigo. Mikono ilikuwa inamvuja damu. Lomayani alikuja akasimama nyuma yake, na watoto wote wa nyumba wakaja kusimama nyuma ya Lomayani.

"Mtu hatoki kwake kwa kupenya ua kama fisi," alisema Lomayani.

"Fisi anafika anakokwenda."

Asubuhi akatandika tena. Aliwapeleka punda penye pengo, mringaringa sasa uko mkono wake wa kulia, akasimama kungoja. Na yule kigogota, aliyekuwa akilia kila siku bila kuombwa, akanyamaza. Jua likapanda. Punda mmoja akaanza kuketi. Lomayani yuko langoni amekunja mikono, anatazama mlima kama mtu asiyehusika. Simaloi alisema baadaye kwamba tangu azaliwe hakuwahi kumchukia kiumbe kama alivyomchukia ndege yule.

Ndipo Namnyaki akatoka nyumbani mwake amejifunga ngozi ya safari, mtoto wa kunyonya mgongoni, na mkuki wa mumewe begani. "Wanangu wamekunywa maziwa ya mzazi vya kutosha," alisema. Alipita penye mti akaligonga shina kwa mpini wa mkuki. Kigogota akatoka tunduni akalia kwa matusi yake yote.

"Mmesikia wote?" aliuliza Simaloi. "Upande gani?"

Wakaenda.

Raha aliyoipanga hakuipata. Nduruma waliukuta umejaa, wakangoja mpaka maji yashuke. Nkoaranga walifika wamelowa, na badala ya kula na kusengenya Simaloi alisinzia na ndizi mdomoni. Nyati walipita mbali, shukrani kwa Mungu, maana mkuki ule Namnyaki alikuwa ameushika kinyume. Walipofika Ngare Nanyuki mimi nilikwisha kuzaliwa alfajiri ya siku ileile. Nosim alikuwa amelala kando ya ukuta, midomo imekauka, hana nguvu ya kuninyonyesha.

"Umechelewa, yeyo," alisema.

Simaloi alifungua kibuyu, akapasha mafuta, akamnywesha mwanawe mwenyewe kidogo kidogo mpaka akatoa jasho. Jioni nikanyonya. Ndiyo maana niko hapa nasumbuliwa na ninyi.

Lomayani alikuja vifaranga walipokwisha kuruka. Aliingia akasema kigogota amelia kulia, safari ilikuwa njema. Simaloi alimpa maziwa, hakumpa jibu. Waliporudi Kijenge aliweka mlango wa fito penye pengo lile, akalitumia mpaka anakufa, kwenda shambani, kwenda mtoni, hata kwenda choo. Lomayani hakulipita hata siku moja.

Sasa wewe mjukuu uliyenisumbua kuliko wote, uliyeko huko Levolosi mjini na gari lako. Mke wa Lemburis, mdogo wako, amefikisha miezi na yuko peke yake hapa kwangu. Kila Jumapili unasema unakuja: mara tairi, mara mvua, mara unangoja mwenzako. Weka karatasi hii chini. Kanunue kondoo mwenye mkia mnene, uchemshe mafuta, uje. Lango likikushinda, kata ua.