Mashine ya Dakika Nne

Majirani walimwita Bi Rula, maana tangu ujana wake hakuna aliyemwona akitoka bila rula ndefu kuchungulia mkobani. Kazi yake ilikuwa kuchora majengo kwenye kompyuta. Alichora mistari, akapanga kuta na madirisha, kisha akaiachia mashine igeuze mistari ile kuwa picha yenye jua na vivuli, mteja aione nyumba yake kabla tofali la kwanza halijawekwa. Hatua hiyo ya mwisho aliiita kupika. Na kompyuta yake, jamani, ilipika kwa mshumaa! Picha moja, dakika arobaini, feni ikivuma kama kinu cha kusaga.

Hapo msinipite. Bi Rula aliishi peke yake, vyumba viwili, kiti kimoja chake na kingine kikikaliwa na makaratasi. Hakuwa mtu wa kusumbua watu. Lakini picha ikianza kupika na mikono ikikosa kazi, alimpigia mdogo wake, muuguzi katika mji wa mbali.

"Picha inapika," ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Haya dada, tupige soga mpaka iive."

Miaka tisa ilikwenda hivyo. Hakuwahi kupiga simu bila picha kuwa jikoni.

Kisha akapata kazi ya shule ya ghorofa nne, picha sitini, mwisho wa mwezi. Kompyuta ilipofungua mchoro ule, skrini ikawa nyeupe, feni ikakohoa, kimya. Haikuwaka tena. Kazi kubwa kama ile hakuwa ameipata mwaka mzima, na mwenye shule hakuwa mtu wa kungoja.

Dukani alipokewa na fundi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu mama."

"Mama wa nani? Niite dada, nitaitika."

Fundi akacheka. "Haya dada. Mashine hainunuliwi kwa macho. Umekuja na kazi yako?"

Alikuwa nayo kwenye flashi. Fundi akaichomeka kwenye mashine ya kwanza. "Hii ni ya wastani. Kadi ya picha ndogo, ya mtu asiye na haraka."

Picha ikaanza kupika. Fundi akavuta kigoda, akauliza kazi hii alifundishwa na nani. Bi Rula akajikuta anasimulia habari za marehemu baba yake aliyepima viwanja kwa kamba, kisha za nyumba ya kwanza aliyoichora, ambayo chooni alisahau kuchora mlango.

"Sasa waliingilia wapi?"

"Mwenye nyumba aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia dirisha ni kubwa."

Walicheka mpaka fundi akavua miwani. Bi Rula alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kucheka na mtu aliyekaa mbele yake. Hakukumbuka. Dakika ishirini na sita, picha ikaiva.

"Sasa ona hii," fundi akasema, akahamisha flashi. "Kadi nzito, memori mara nne ya ile." Akaanza kisa cha mama mkwe wake na friji. Mama mkwe hajafika hata mlangoni, mashine ikalia. Dakika nne. Shule imesimama pale, jua limelala kwenye korido.

"Umeona?" Fundi akainuka. Kisa cha mama mkwe kikaishia hapo.

"Nipe ile ya kwanza," Bi Rula akasema.

"Bei ndiyo shida?"

"Hapana."

"Picha sitini, dada! Na mteja akitaka paa libadilishwe rangi, unapika zote upya. Utazeekea kwenye kiti."

"Nimeshazeekea."

Alisema kwa utani, lakini hawakucheka. Akaitazama tena ile korido yenye jua. Kazi ilikuwa nzuri, alijua. Akachukua ya pili, shingo upande.

Nyumbani ilifanya kazi kimya, hata feni haikusikika. Alianzisha picha, akachukua simu, akasafisha miwani, akatafuta namba; picha tayari. Akaweka simu chini. Ya pili vilevile. Jioni picha kumi na moja zilikuwa zimeiva na yeye hajatamka neno. "Haya, chemka basi," aliiambia birika, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Siku ya tatu alipiga moyo konde, akapiga.

"Dada! Picha inapika?"

"Hapana. Zimeiva zote."

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

Bi Rula aliitazama skrini. Haikuwa na chochote cha kumsaidia.

"Nimepiga tu," akasema. "Nilitaka kukusikia."

Mdogo wake akasema, taratibu, "Niko na mgonjwa, namfunga kidonda. Nikimaliza tutaongea. Usikate, dada."

Simu ikawekwa juu ya kitu cha bati. Bi Rula akasikia mkasi ukigonga sinia, magurudumu ya kitanda, mtu akiguna. Akayaondoa makaratasi kwenye kiti cha pili, akapandisha miguu yake hapo, simu sikioni. Hakukata.