Kitabu Kilichoshonwa kama Gunia

Kile kitabu cha maelekezo ya kompyuta mpya ya ofisini kilikuja kimebanwa kwa gundi, na gundi ile haikuwahi kuonja joto la Shinyanga. Mvua hazijaanza, kurasa zikawa zinaachia moja moja. Mama, mpiga chapa wa kiwanda cha kuchambua pamba, hakulalamika. Alisema afadhali hivyo, maana kilipokuwa kizima kilijifunga kila alipokiachia. Sasa ukurasa anaoutaka anauchomoa, anaulaza kando ya vitufe, anaukandamiza kwa jiwe, na mikono yote miwili inabaki huru.

Likizo ile nilishinda naye ofisini. Kiingereza cha kitabu kilimchosha, na mimi nilikuwa sekondari, basi nikawa namsomea. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikunidai kuongea na mtu mwingine.

Siku moja meneja aliingia, feni ikapeperusha kurasa hadi miguuni pake. Akasema mali ya kiwanda haitunzwi hivyo, akaagiza kitabu kipelekwe kwa mzee anayeshona magunia ya pamba. Mama akaziokota kurasa, akazipanga kwa namba.

Mzee alikirudisha mwenyewe, kimepigwa mshono wa katani juu hadi chini, upana wa vidole viwili ndani ya ukurasa.

"Mayu," alimwambia mama, kwa heshima ya Kisukuma, "hiki hata ukimbebesha punda mpaka Tinde, hakifumuki."

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Angesema nini? Mzee ni rika la baba yake, na aliyeagiza ni meneja.

Jumamosi mama alitakiwa kumwonyesha meneja hesabu za uzito wa pamba ndani ya kompyuta. Akishindwa, analetwa mtu kutoka Mwanza, na mama anarudi kwenye taipureta. Alizipiga zote, tena vizuri. Ikabaki kuzihifadhi tu, na hapo siku zote alikuwa anatazama ukurasa. Nikakikandamiza kitabu kwa viganja, kikawa kinanirudi kama mtego wa panya. Kilisema shika kitufe fulani huku ukibonyeza herufi. Herufi niliiona. Jina la kitufe lilikuwa ndani ya mshono.

"Soma," mama alisema bila kunitazama.

"Neno limeingia kwenye uzi, mama."

"Vuta."

Nilivuta mpaka katani ikanichana kidole gumba. Meneja akauliza, kitabu si mmeshonewa, sasa mnataka nini tena? Mama akabahatisha kitufe. Hesabu zote zikafutika, kikabaki kijimstari kinamemeta pale kwenye kioo, kama kinatusubiri.

Mtu wa Mwanza ameshafika. Amekuja na kitabu chake, cha waya mgongoni, kinalala wazi mezani bila kushikwa. Mama yuko chumba cha nyuma, anapiga barua. Nyumbani hatulizungumzi.

Jana nilikutana na mzee getini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kama kazi yake bado imara.

"Hakijaachia hata ukurasa mmoja, babu," nikamwambia.

Alitabasamu njia nzima mpaka kwenye magunia yake.