Nusu ya Mia Sita Sitini na Sita

Mimi simwamini mtu haraka. Na mtu anayechora namba kwa chaki ukutani, tangu mlangoni mpaka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, simwamini kabisa, hata akiwa binti yangu wa kumzaa. Asubuhi hiyo ya Jumamosi niliukuta ukuta wa ua wetu pale mtaani Bel-Air umejaa moja tupu, moja themanini na moja, bila koma wala nafasi. Akasema si moja nyingi, ni namba moja kubwa sana, na kazi yake ya kumalizia masomo huko chuoni Kasapa ni kutafuta namba tasa zinazoigawanya, yaani zile ambazo zenyewe hazigawanyiki zaidi.

Eti masomo! Habari za kampasi nazisikia. Wasichana wanaingia wakiimba nyimbo za kanisa, wanatoka na simu mpya na midomo imefungwa. Nilipekua mkoba wake, nikaangalia hata mikono yake kama ina chale za uchawi. Sikukuta kitu, na hilo ndilo lililozidi kunitia shaka.

Kabla ya saa sita, jirani anayeongoza kikundi chetu cha sala alichungulia langoni, akaukodolea macho ule ukuta.

"Mama, ule mutoto banamutumisha," akaninong'oneza, maana yake wachawi wanamtumia. "Muulize kama 666 haiko mule ndani."

Nikalichukua sanduku la binti yangu la kurudia chuoni, nikalifungia chumbani kwangu. Nikamwambia hakuna Kasapa tena mpaka anijibu.

"666 iko mu ile namba yako?"

Angesema hapana, ningerudi kusonga bukari, ugali wetu. Lakini yeye ana ule ukweli wa kukera wa baba yake.

"Yote haiko, mama. Nusu yake iko."

Akanionyesha: ukizikata zile moja tatu tatu, kila kipande ni mia moja na kumi na moja, na hiyo ni tatu mara thelathini na saba. Kwa hiyo thelathini na saba imo. Tarakimu zote ukizijumlisha unapata themanini na moja, kwa hiyo tisa nayo imo. Tisa mara thelathini na saba ni 333.

"Nusu ya shetani ni shetani," nikasema.

"Ili ikuwe 666 inaomba mbili, mama. Na mbili haiwezi kuingia, juu namba inaishia na moja."

"Leo haiwezi. Na kesho?"

"Hata milele."

Nikatafuta pa kumkamatia. Ishirini na moja, mia na moja, elfu na moja: zote zilikataa kugawanyika kwa mbili. Lakini kilichonikwamisha hasa kilikuwa ile nusu. Nani alimuuliza nusu? Alijua sanduku liko kwangu. Neno moja la "hapana" lingemrudisha kampasi, tena bila kudanganya. Mimi ningelisema nikanyamaza. Niliona haya, nikamwonea fahari, na bado nilimshuku kidogo, maana ndivyo nilivyo. Nikamrudishia sanduku lake.

Jioni jirani alirudi na ndoo ya maji na sabuni, tayari kuosha ukuta.

"Ulimuuliza? Iko?"

Wanawake wengine wa kikundi walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Yote haiko," nikamjibu, nikajiweka mbele ya chaki. "Nusu yake iko."