Sedekia Hakutaka Kufa Kabla ya Mdogo Wake

Mwaka 1957, homa ya mafua ilipopanda milima ya Rungwe, kila mtu mzima alikuwa na sababu yake ya kutotaka kuipata. Vijana waliogopa kukosa harusi za baada ya mavuno. Akina mama waliogopa kulala kitandani halafu watoto wapikiwe na baba zao, jambo ambalo lingeua watu wengi kuliko mafua yenyewe. Sedekia yeye alimwogopa mdogo wake.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mikono mizuri kuliko uso. Kazi yake ilikuwa kuchonga mirija ya kunyonyea kimpumu. Kimpumu ni pombe nzito ya ulezi: hutiwa chunguni, humwagiwa maji ya moto, watu hukaa kuizunguka na kunyonya kwa mrija mrefu wenye kichujio upande wa chini ili makapi yasipande. Kanisa lilikuwa limeikataza, lakini kanisa lilikuwa bondeni na chungu kilikuwa mlimani, na Sedekia alikuwa na miguu ya kufika kote kuwili.

Mke wake aliitwa Ikupa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya mto. Walikuwa na watoto wawili, na katika miaka kumi na mmoja ya ndoa Sedekia hakuwahi kulala usingizi wa kushiba. Mwalimu wa kwaya akimsifu Ikupa kwa sauti yake, Sedekia alihama safu ya benchi ili amwone huyo mwalimu vizuri. Muuza chumvi akipita mara mbili kwa wiki, Sedekia alinunua chumvi yote ili asipite mara ya tatu.

Huo ulikuwa wivu wa kila siku. Wivu mkubwa ulikuwa Lutengano.

Lutengano alikuwa mdogo wake, tumbo moja, miaka ishirini na minane, hajaoa. Na mila ya Wanyakyusa wa wakati ule ilijulikana: mume akifa, ndugu yake humrithi mjane, pamoja na ng'ombe na migomba. Mchungaji alihubiri dhidi ya jambo hilo kila mwaka. Lakini Sedekia alikuwa amehudhuria misiba ya kutosha kujua kwamba mchungaji huondoka saa kumi jioni, na ukoo hubaki mpaka mambo yaishe.

Miaka mitano Lutengano alikuwa Iringa, kwenye mashamba ya tumbaku ya wazungu, na Sedekia alimpenda sana huko aliko. Kisha mwezi wa saba akarudi. Alishuka kwenye lori akiwa amevaa kofia ya ukingo mpana, begani gunia dogo la mchele alilonunua njiani Chimala, mkononi sufuria mpya yenye mfuniko, inayong'aa kama mbalamwezi.

"Shemeji," akamwambia Ikupa, "hii ni yako."

Kaka mtu aliletewa wembe.

Wiki mbili baadaye homa ikaingia. Ilikuwa imeanzia mbali, watu walisema ng'ambo ya bahari, ikafika mjini Mbeya, halafu ikapanda kwetu. Dresa wa zahanati, Bwana Anania, kijana mwenye miwani na daftari, akaitisha watu uwanja wa soko. Akasema mtu asinywe kikombe kimoja na mwenzake. Chungu kimoja ruksa kwa wasiosikia, ila kila mtu na mrija wake. Wanawe mikono kwa sabuni. Wafungue madirisha. Na mgonjwa akae ndani, auguzwe na mtu mmoja tu, mmoja yuleyule, mpaka apone.

Watu walicheka kidogo. Aliyenyamaza ni mama yake Sedekia, Bibi Sekela, mwenye miaka zaidi ya sabini. Anania alidhani bibi hajasikia, akarudia kwa sauti. Bibi akamwambia amesikia vizuri na atafuata yote. Anania, kwa furaha, akafungua daftari na kumwuliza kama anaogopa kufa.

"Kufa siogopi, mwanangu. Naogopa kufa sasa. Watu wote wamejifungia ndani, nani atakuja kunichezea ngoma ya msiba? Nizikwe na watu wanne na mbwa? Mimi nimecheza misiba ya watu miaka hamsini. Acheni ugonjwa upite, nitakufa nikiwa na wageni."

Anania aliandika, akafuta, akaandika tena.

Sedekia naye alisikiliza, na akilini mwake hesabu ilikuwa fupi. Homa inaua. Wanaokufa wengi ni wazee kuliko vijana. Yeye ni mzee kuliko Lutengano. Akifa yeye, Lutengano atahamia nyumbani kwake, na sufuria imekwisha kutangulia.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu msafi kama yeye kutoka Tukuyu hadi Kyela. Alinawa asubuhi, alinawa kabla ya kula, alinawa baada ya kusalimiana na mbuzi. Kwa kuwa maji ya kunawia Ikupa aliyachemsha kwenye ile sufuria, Sedekia alimwomba ayachemshe kwenye chungu cha udongo. Ikupa akauliza kwa nini. Akajibu kwamba maji ya bati yanawasha.

Kwenye kimpumu ndiko watu walikoshangaa. Desturi ni kwamba kaka hunyonya kwanza, kisha humpokeza mdogo wake mrija uleule, watu waone kwamba hawa ni damu moja. Sedekia alinyonya kwanza, akauweka mrija wake chini ya kwapa. Alikuwa ameuchoma alama tatu za moto usichanganyike na mwingine. Lutengano akabaki amenyoosha mkono hewani.

"Amri ya zahanati," Sedekia akasema.

Mkono ukarudi ulikotoka. Wazee wakatikisa vichwa, ila hakuna aliyeweza kulaumu amri. Kesho yake Anania alimsimamisha sokoni mbele ya watu wote na kuwaambia wamtazame Mzee Sedekia, wajifunze kwake. Akamwuliza sababu, kwa ajili ya daftari. Sedekia alisema anapenda maisha. Ikupa, aliyekuwa anauza ndizi pembeni, alitazama juu mbinguni kama mtu anayetafuta mvua.

Halafu Lutengano akaugua.

Alikuwa anaishi peke yake kwenye kijumba cha ujana, mwendo wa kurusha jiwe kutoka kwa kaka yake. Asubuhi moja hakutoka. Bibi Sekela akachungulia dirishani, akasema kijana anawaka moto na anatetemeka. Mtu mmoja wa kumwuguza ilibidi apatikane. Bibi alikuwa mzee mno. Ikupa akachukua kitambaa cha kuziba pua na akaanza kumimina uji kwenye ile sufuria.

Sedekia aliona yote kwa wakati mmoja: nyumba ndogo, giza la ndani, mkono wa mkewe kwenye paji la uso wa yule mwenye kofia. Mtu mmoja, yuleyule, mpaka apone. Siku tano, labda sita.

"Weka chini," akasema. "Nakwenda mimi."

"Wewe? Wewe unayenawa ukimaliza kumwona kuku?"

"Ni mdogo wangu."

Basi, mtu aliyejikinga kuliko wote kijijini akaingia mwenyewe katika nyumba ya homa, na wivu uliomlinda majuma matatu ndio uliomsukuma mlangoni. Watu walisema tazama upendo wa ndugu. Bibi Sekela alilia kidogo.

Uji alipika yeye. Hakutaka wa Ikupa uingie humo. Ulikuwa na madonge makubwa kama mawe ya kuchomea viazi, na Lutengano kila akimeza alifumba macho. Siku ya pili mgonjwa akakataa kabisa kula, midomo imepasuka, akinong'ona kwamba uji wa shemeji ndio unaopita kooni. Sedekia alitoka nje akasimama kwenye migomba muda mrefu. Alirudi na uji wa Ikupa, akasema ni wake.

"Kaka," Lutengano akasema alipomaliza bakuli, "leo umejua kupika."

Siku ya sita Lutengano aliinuka. Siku ya saba Sedekia akaanguka.

Anania alikuja, akasikiliza kifua chake, akatoa vidonge. Akasema aliyekwisha kuugua hawezi kuugua tena upesi, kwa hiyo Ikupa na watoto wahamie kwa bibi, na Lutengano amwuguze kaka yake humohumo ndani. Lilikuwa jambo la busara, na Sedekia angeweza kumpiga dresa kama angekuwa na nguvu za kuinua mkono.

Alilala siku nne akisikiliza. Alisikia Lutengano akichota maji nje, akizungumza na Ikupa kupitia ua. Hakusikia maneno. Kuna mara alisikia kicheko kile cha ng'ambo ya mto, na homa ikapanda.

Siku ya nne, mchana, Lutengano alikuwa anakoroga uji karibu na kitanda. Sedekia akamwita.

"Nikifa, utamchukua?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Ikupa."

"Hapana."

"Unasema hapana kwa sababu bado napumua."

"Nasema hapana kwa sababu namwogopa, kaka." Lutengano akaweka mwiko kando. "Siku nne hizi kila asubuhi ananisimamisha uani ananikagua kucha kama mwalimu. Jana nimekohoa bila kuziba mdomo, ameninyang'anya sahani. Nimewahi kufanya kazi kwa Mgiriki mmoja Iringa, mkali, lakini yule alikuwa anapumzika Jumapili. Wewe umeweza miaka kumi na mmoja. Nakuheshimu kuliko zamani."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kulala. Sedekia aliinuka akaketi, mara ya kwanza tangu aanguke.

"Ana kasoro gani?"

"Sikusema ana kasoro."

"Umemkataa. Mke wangu mimi, wa kukataliwa na wewe? Wewe na kofia yako?"

"Kaka, sasa nimchukue au nimwache?"

Sedekia akageuza uso asimwone. Mlangoni palikuwa na mtu amebeba kuni, na alikuwa amesimama hapo kitambo.

"Mmemaliza kunigawa?" Ikupa akauliza. Aliweka kuni chini moja moja, bila haraka. "Haya, sikilizeni na mimi, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Huyu akifa nitalia, nitamzika vizuri, halafu nitalima kahawa yangu ile ya mtelemkoni. Nimeipanda mwenyewe. Haikohoi, haichemshiwi maji, hainiulizi nilikuwa nacheka na nani. Sitaki mwanamume mwingine. Mmoja amenitosha mpaka hapa." Akagusa shingo. "Sasa kunywa uji, mume wangu, kabla haujapoa."

Akanywa. Ulikuwa umechemshwa kwenye sufuria yenye mfuniko, na aliumaliza wote.

Alipona. Homa ilipokwisha milimani, kwenye chungu cha kwanza Sedekia alinyonya, akampokeza Lutengano mrija wenye alama tatu mbele ya watu wote. Uliporudi aliufuta, kwa mazoea. Bibi Sekela alifariki miaka miwili baadaye, na ngoma yake ilichezwa siku tatu.

Lakini kabla ya hapo, mwaka uliofuata ule wa homa, zahanati ilitangaza chanjo ya ndui. Anania alipofika uwanjani na sanduku lake alfajiri, alimkuta mtu mmoja tu, ameshakunja mkono wa shati. Akacheka, akamwuliza Mzee Sedekia kama bado anamwogopa mdogo wake, maana habari ile ilikuwa imeshazunguka vijiji vitatu.

Sedekia akaelekeza kidevu chake mtelemkoni. Ikupa alikuwa katikati ya mibuni yake, anapalilia, anaimba.

"Huyo hapana. Naogopa ile kahawa, mwaka huu imezaa sana," akasema. "Nichome haraka nikamwite atoke humo."