Tulivyokatiza sala ya adhuhuri katikati ya mto, masika, njia ya Matombo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima ya Uluguru mahali pake na akaniachia pumzi ya kuandika haya.

Wakuu, poleni na majukumu. Wale mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu ndani nadhani mko wachache. Wengine nimewaitikia marahaba kabla hamjanisalimia.

Mimi ni mstaafu, naishi Morogoro mjini, na kwa miaka mingi nasomesha darsa ya watu wazima msikitini kwetu. Ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, na aliyekosea ni mimi. Sitaongeza wala kupunguza.

Masika ya mwaka jana tulimaliza kitabu tulichokuwa tukikisoma. Wanadarsa wakasema, Ustadhi, mwaka mzima tumekaa kwenye mikeka, safari hii tutoke tukapunge upepo.

Tukakubaliana twende Jumapili kwenye mto mmoja upande wa Mkuyuni, njia ya Matombo. Tulikuwa watu kumi na wanne, wanaume wanane na wanawake sita, mmoja wao mke wangu Bi Zuhura, ambaye goti lake la kushoto halimtaki. Msimamizi wa chakula alikuwa Bakari, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

Asubuhi mjini jua lilikuwa kali. Nilitazama simu, nayo ikasema jua. Nikaridhika.

Sasa wakuu, hapa ndipo watu wa mjini tunapoumia. Simu iliniambia habari za pale nilipokuwa nimesimama. Mto hautoki pale. Unatoka juu, kwenye misitu ambako mvua inaweza kunyesha asubuhi nzima na wewe huku chini unatafuta kivuli.

Tulipofika tulimkuta mama mmoja anakata ndizi shambani kwake kando ya mto. Anaitwa Mama Paulina. Akatusalimia vizuri, kisha akanyanyua kidevu kuelekea mlimani.

"Babu, huko juu kumefunga tangu alfajiri. Kaeni huku kwangu."

Nikatazama. Kweli kilele hakikuonekana, kilikuwa kimefunikwa na wingu zito la kijivu. Nikamjibu, "Ahsante mama, sisi hatukai sana."

Nitawaambia ukweli kwa nini sikukaa kwake. Ukingo ule ulikuwa na tope na mavi ya mbuzi kila mahali, na adhuhuri ilikuwa imekaribia. Mimi nimesomesha tahara, usafi wa ibada, maisha yangu yote. Katikati ya mto palikuwa na mwamba mpana, bapa, mkavu, msafi kama sahani. Kati yake na ukingo kulikuwa na kijia cha maji kisichofika hata kifundo cha mguu. Nikasema moyoni, Mungu ametuandalia msikiti.

Tukavuka na mikeka na sufuria la pilau. Tukatia udhu palepale. Wanaume tukapanga safu mbele, wanawake nyuma yetu, upande wa ukingo tuliotokea. Nikaswalisha.

Kwa ndugu zangu wasio Waislamu, naomba nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Imamu akikosea ndani ya sala, labda amesahau rakaa, wanaume humkumbusha kwa kusema "Subhanallah". Wanawake hawasemi, wao hupiga kofi, mkono juu ya mkono. Imamu akisikia anajua amekosea hesabu, anajirekebisha.

Basi rakaa ya pili nilipokuwa kwenye sijda nikasikia harufu ya udongo mbichi. Nikaipuuza. Nikainuka, nikakaa kusoma tahiyatu, kikao cha baada ya rakaa ya pili.

Nyuma yangu, kofi.

Nikajiuliza, kumbe hii ni rakaa ya kwanza? Uzee umeshafika huku? Nikasimama.

Makofi tena, safari hii ya mikono mingi.

Nikachanganyikiwa. Kumbe nilikuwa sawa pale mwanzo? Nikafikiria kukaa tena. Bakari nyuma yangu akasema "Subhanallah!" kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Na mimi, wakuu, nimesimama katikati ya mto nahesabu rakaa.

Wanawake walikuwa karibu na kile kijia cha maji. Walikiona kinapanda na kubadilika rangi, kutoka maji ya kunywa hadi chai ya maziwa. Nao hawakutaka kuharibu sala yao, wakatumia njia niliyowafundisha mimi mwenyewe.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Paulina kutoka ukingoni.

"Nyie! Mafuriko yanashuka! Babu wee, Mungu yupo hata huku kwenye mavi ya mbuzi!"

Nikainua macho. Mbele yangu lilikuwa linapita tawi bichi lenye majani yote, linakwenda kasi kama limechelewa mahali.

Nimewasomesha watu kwamba kuokoa roho ni wajibu, na sala hukatwa kwa ajili hiyo bila dhambi yoyote. Naijua mas'ala hiyo vizuri. Lakini katika miaka yangu yote sikuwahi kukata sala, na mwili wangu haukujua unaanzia wapi. Nilimkumbuka Zuhura na goti lake, nikageuka.

"Nimekata sala! Tokeni wote, sasa hivi!"

Maji kwenye kijia yalikuwa yameshafika katikati ya muundi. Mama Paulina akaingia hatua mbili, mkono mmoja umeshika mgomba, mwingine ametunyooshea.

"Shikaneni vifundo vya mikono, si viganja! Viatu acheni! Buruteni miguu, msiinyanyue! Wanaume wenye nguvu wakae upande maji yanakotoka!"

Wakapita wanawake kwanza. Bakari nikamwona ameinamia sufuria.

"Bakari, acha!"

"Ustadhi, ni pilau ya watu kumi na wanne!"

"Acha tuwe kumi na wanne kwanza!"

Akaliacha.

Zuhura alibaki wa mwisho pamoja nami na Bakari, maana goti lilikataa kushuka mwambani. Maji yalikuwa karibu na goti, yanasukuma. Akaniambia kwa utulivu, "Tangulia wewe, mume wangu." Nikamwambia, "Nimekata sala kwa ajili yako, halafu nikuache?" Tukamshika huku na huku, tukaburuta miguu bila kuinyanyua, kama alivyotuelekeza yule mama. Katikati aliteleza. Bakari hakuachia. Mama Paulina akamdaka mkono, akamvuta kama anavuta mkungu wa ndizi.

Tukahesabiana. Kumi na wanne. Nikarudia kuhesabu mara tatu.

Haukupita muda mrefu, mwamba wetu ukafunikwa. Sufuria tuliliona likizunguka mara moja, likaondoka na mfuniko wake.

Mama Paulina akasema, "Yangevuka goti nisingewaruhusu kuvuka. Ningewaambia mpande juu kabisa ya mwamba msubiri, na hapo nisingekuwa na uhakika wa lolote."

Kisha akakata majani ya mgomba, akatandika kwenye ule uwanja wa mbuzi, akasema, "Haya, malizeni kazi yenu. Mimi ya kwangu nilisali asubuhi kanisani." Tukaswali upya, tumelowa, wengi wakilia. Nilipotoa salamu Zuhura akasema nyuma yangu, "Tungepiga hata makofi ya harusi, ungedhani umesahau rakaa." Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mchana huo tulikula ndizi za kuchemsha kwa Mama Paulina. Sijala chakula kitamu kama kile.

Nilichojifunza ni hiki. Masika, usitazame anga lililo juu ya kichwa chako, tazama kule mto unakotoka. Kukiwa kumefunga, kaa ukingoni, tena pa juu. Maji yakianza kubadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au mngurumo ukibadilika, ondoka muda huohuo, usimalize ulichokuwa unafanya. Muulize mwenyeji, na akikujibu umsikilize. Mimi niliambiwa kabla sijauliza, na bado nikajiona najua.

Kwenye darsa tumeongeza somo. Nimewaambia wanawake: kofi ni la rakaa, hatari ni ya kupiga kelele. Na imamu naye ajifunze kugeuka.

Mwaka huu tumekwenda tena, palepale, na Mama Paulina ndiye aliyechagua pa kukaa. Zuhura alikuja na fimbo na sufuria jipya.

Wenyeji wa Mkuyuni, Turiani na kwingineko, ongezeni dalili mnazozijua nyie, maana mito haifanani. Na wenye elimu ya dini kunizidi, nikosoeni pale nilipoteleza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akulinde unapotoka na unaporudi, na hesabu ya watu wako iwe kamili kila jioni. Amin.