Kiti cha Tano

Nilikuwa nimechoka kuwalilia wafu wa watu. Niseme hivyo hivyo, maana wanaosimulia yale matamasha yetu ya baada ya vita huyapamba mno. Tulikuwa wanne: fidla mbili, sello moja na klarineti yangu, bila ngoma wala kipaza sauti. Tulipiga Jinja kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa ukivuja, kisha Mbale kwenye shule moja ya Nabuyonga. Katikati yetu tuliweka kiti cha tano, kitupu.

Kiti hicho ndicho kilichowaleta watu. Kabla ya kila wimbo, mtu mmoja alitoka kwenye mabenchi, akamtaja aliyempoteza, akakaa hapo mpaka tumalize. Mwalimu, mkubwa wetu aliyepiga fidla ya kwanza, ndiye aliyewaita. Nilipuliza kwa ajili ya wenye maduka, makarani, wanafunzi, hata padri. Wengi wao walichukuliwa na askari.

Baba yangu alikuwa askari. Alikuwa wa bendi, lakini gwanda ni gwanda. Serikali ilipoanguka walikuja askari wa upande ulioshinda wakamchukua nyumbani kwetu Namatala, amevaa kanzu, hajamaliza chai. Klarineti ilibaki kitandani. Ndiyo hii niliyokuwa nikiwapulizia watu.

Mama hakukosa tamasha hata moja. Alivaa nguo zake za Idi, akakaa benchi la mbele, akangoja aitwe. Hakuitwa. Nilipomuuliza mwalimu, alinijibu huku akifuta fidla yake.

"Dada, vidonda vya watu hawa bado vibichi. Na mama yako atasema Kiswahili. Hapa hiyo ni lugha ya askari; wakiisikia, watakumbuka kambi zao."

Nilikasirika hadi midomo ikanitetemeka, na mpuliza klarineti mwenye midomo ya kutetemeka hafai kitu. Nikaendelea kupiga. Niliona aibu kila nilipomtazama mama pale mbele.

Siku ile Nabuyonga, mwalimu alimwita mama mmoja wa Busiu, ambaye kijana wake alitolewa nyumbani na askari. Kabla hajafika, mama yangu aliinuka akakikalia kiti.

"Mimi nimekuja sababu ya bwana yangu," alisema. "Alikuwa jeshi, napiga muziki. Mpaka leo sijui wamezika yeye wapi."

Watu wakaguna. Wengine walitoka, na viatu vyao tukavisikia hadi uwanjani. Mwalimu aliishusha fidla. Hatukuwa na wimbo wa baba. Alizonifundisha ni nyimbo za gwaride, na hizo nisingethubutu kuzipiga mle ndani. Nikakumbuka mazoezi yake ya asubuhi, zile sauti za kupanda na kushuka polepole alizopiga uani kabla ya kwenda kazini. Nikapiga hizo, peke yangu. Mama akafumba macho.

"Hapo ndiyo chai ilikuwa nachemka," alisema kwa sauti ndogo.

Nilimaliza. Mama hakuinuka. Yule wa Busiu alikuwa bado amesimama pembeni, mkoba kifuani, na ukumbi mzima ulimtazama yeye. Nilijua kwamba akitoka, matamasha yetu yamekwisha, na mama yangu hatakanyaga tena mahali penye watu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa wakati wa vita.

Akaja mpaka kwenye kiti.

"Mama, songa kidogo," alisema, kwa Kiswahili. "Hata mimi miguu nauma."

Mama akasogea. Wakakaa nusu nusu, mabega yakigusana, hakuna aliyemtazama mwenzake. Yule mama akamtaja kijana wake. Mwalimu akainua fidla. Mimi pumzi ilikuwa imeniishia kabisa, na klarineti nilikuwa nimeilaza magotini.

Mama akaniona.

"Pulizia mtoto yake," aliniambia, "na usipige kivivu."