Tulivyomsindikiza Kuona Nyumba

Juzi mwenzetu wa kanisani alikwenda kuona nyumba ya kupanga, vyumba vya chini ya ardhi katika mtaa wa watu wenye nazo, uliojaa miti na utulivu. Anapokaa sasa, Rexdale, mtaa wa wahamiaji wengi huku ughaibuni, kuta zimeota ukungu na mwanawe hupumua kwa shida. Sisi hatumwachi mtu aende peke yake kwenye jambo kubwa, kwa hiyo tulimsindikiza wanawake wanne, mmoja kabeba chupa ya chai.

Mama mwenye nyumba alifungua mlango, akatutazama mmoja mmoja mpaka viatuni.

“Mtaishi wangapi?”

“Mimi na mwanangu tu.”

“Na hawa?”

“Dada zangu.”

“Wote?”

“Wote, mama.”

Akaurudisha mlango taratibu, ukabaki uwazi wa kutosha uso wake. “Pole. Imeshachukuliwa.”

Kwenye kituo cha basi mmoja wetu akafoka, “Si ungesema tu ni marafiki!”

“Kwani nimedanganya?”

Hakudanganya, ila mtaa ule dada wanne mlangoni ni msongamano. Jumamosi ataona nyumba nyingine. Ametuomba tumsubiri mbali, asionekane nasi.